Na ya Kutolea

"Nitumie elfu ishirini, na ya kutolea." Mtanzania mwenye simu hahitaji kufafanuliwa sentensi hiyo. Kampuni za simu zilipoleta huduma ya pesa ziliweka makato mawili: la kutuma, analolipa mtumaji, na la kutoa, linalomwangukia mpokeaji anapofika kwa wakala. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi. Lakini mtu aliyeko Mbagala akimtumia mama yake aliyeko Masasi elfu ishirini, anajua kwamba mama hatashika elfu ishirini, na jambo hilo linamkera kama kumwandalia mgeni sahani iliyokwisha kumegwa. Basi watu wakatunga kanuni yao: mtumaji abebe makato yote mawili. Kanuni hiyo haikutangazwa redioni, haimo katika menyu ya *150*00#, na hakuna mhandisi aliyeipanga. Ilienea nchi nzima kwa mdomo, na leo anayetuma bila kuiongeza ataambiwa tu, kwa upole au kwa ukali kulingana na undugu.

Naanza na jambo dogo hivyo kwa sababu tumezoea kusimuliwa historia ya kompyuta kama habari za watu wachache wenye akili nyingi, walioketi Marekani au Uchina wakabuni, kisha kitu kikafungwa kwenye boksi kikaletwa kwetu tukitumie. Masimulizi hayo yanaacha nje mikono miwili. Upo mkono wa dola, unaotoa leseni, unaotoza kodi, unaochagua waya wa baharini upite wapi, na unaoweza usiku mmoja kuzima kila kitu. Na upo mkono wa mtumiaji, yule asiyejua chochote kuhusu msimbo lakini anajua hasa anachokitaka, na asipokipata hukitengeneza kwa vilivyopo. Katika Afrika Mashariki mkono huo wa pili ndio uliochora ramani ya huduma kubwa kuliko zote tulizonazo. Mkono wa kwanza umeamua zifike wapi na nani avune. Kinachonisumbua ni kwamba mikono hii miwili hukutana mara chache sana mezani. Mara nyingi hukutana barabarani.

Ujuzi wa umma ulianza kuonekana kwenye kubip, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa. Mitandao ya simu ilijengwa juu ya sheria moja ya malipo: mita huanza kuhesabu pale simu inapopokelewa. Ikiita bila kupokelewa hakuna anayedaiwa, ingawa mitambo imeshafanya kazi ya kumtafuta mtu na kuitikisa simu yake. Watu wasio na salio wakaingia kwenye mwanya huo na kujenga lugha nzima. Mama yangu alinibip kila siku saa moja asubuhi, mlio mmoja tu, maana yake tumeamka salama. Ukiita mara mbili, nilijua ni kupiga bila kuchelewa. Mtafiti Jonathan Donner aliichunguza desturi hii nchini Rwanda, na utafiti wake uliotoka mwaka 2007 ulionyesha kwamba ina adabu zake. Mwenye nafuu ya kipato ndiye anayepaswa kupiga. Mdogo hambip mkubwa ovyo ovyo kwa jambo lisilo na uzito. Na kijana anayemtaka msichana hambip kabisa, maana atakuwa ameshajitangazia ufukara.

Kampuni zililiona jambo hilo kama hasara, kisha zikaliona kama soko. Ukazaliwa ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", wenye nafasi ya tangazo la biashara pembeni. Afrika Kusini kampuni ya Vodacom iliianzisha mwaka 2001, na chimbuko lake hapo ni mhasibu wake mwanafunzi, Nkosana Makate, aliyepata wazo kwa sababu mpenzi wake hakuwa na salio la kumpigia. Alidai malipo kwa miaka mingi. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kampuni inafungwa na ahadi aliyopewa, na kwamba ni lazima iketi naye wakubaliane fidia. Namtaja kwa sababu ni mfano adimu: mtu wa kawaida aliyeweza kuthibitisha mbele ya majaji kwamba jambo fulani lilitoka kichwani mwake. Wale waliobuni kubip kwenyewe ni mamilioni, hawana jina, na hakuna mahakama watakayokwenda.

Kutoka hapo twende kwenye pesa, ambako mada hii ina utajiri wake mkubwa. Kabla ya huduma yoyote rasmi, vocha ilishakuwa fedha. Uganda mtu wa Kampala alinunua vocha, akampigia mwenye simu ya biashara kijijini, akamsomea namba za siri. Mwenye simu akaijaza kwake, akachukua kamisheni yake, na kumkabidhi ndugu wa mtumaji noti mkononi. Kenya, Safaricom ilipoleta Sambaza ili watu wagawiane muda wa maongezi, wengi waliutumia muda huo kulipa madeni na kumtuliza mwenye duka. Hakuna benki iliyohusika. Hapakuwa na mkataba wala programu mpya, ila watu wanaoaminiana na namba kadhaa zilizofichwa chini ya utepe wa kukwangua.

Watu wa Vodafone waliokuja Kenya kutengeneza huduma ya pesa, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuja na lengo jingine. Mradi wao, uliochangiwa fedha na idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, ulikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na mawakala wanane na wateja wapatao 500. Ilipofika zamu ya wateja, mpango ulipinda. Walilipa mikopo, ndiyo, lakini pia walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Mfanyabiashara aliweka mauzo ya siku kwenye simu ili asitembee na noti usiku, na alfajiri akayatoa. Mume aliyeko mjini alimtumia mke aliyeko shamba. Taasisi ya mikopo ikapata tabu, kwa sababu mfumo wake ulijengwa juu ya vikundi vinavyokutana uso kwa uso kila wiki, na simu ilikuwa inaondoa sababu ya kukutana. Wabunifu walikuwa na uchaguzi: kuwarekebisha watu au kurekebisha mpango. Wakarekebisha mpango, na hiyo ndiyo sifa yao kubwa. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 mkopo haukutajwa tena. Ujumbe ulikuwa mmoja, tuma pesa nyumbani, na kabla ya mwaka kutimia wateja walishapita milioni moja.

Hata hivyo, wateja peke yao wasingefika mbali. Benki Kuu ya Kenya, badala ya kutunga sheria kwanza au kukataa kwanza, iliandika barua mwaka 2007 kueleza kwamba haina pingamizi, kwa masharti: pesa za wateja ziwekwe kwenye akaunti ya amana katika benki ya biashara, na kampuni isiziguse wala kuzikopesha. Sheria kamili ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2011. Katikati ya miaka hiyo minne huduma iliishi juu ya ile barua. Benki za biashara zilipoona wateja wasiowahi kukanyaga ukumbi wao wanahamisha mabilioni, zilianza kunung'unika, na Desemba 2008 kaimu Waziri wa Fedha, John Michuki, akaagiza huduma ikaguliwe. Mwezi uliofuata Hazina ikatangaza kwamba mfumo uko salama. Endapo jibu lingekuwa kinyume, tusingekuwa tunaongea habari hizi leo. Nadhani jambo moja lililosaidia ni kwamba ukaguzi huo ulikuja ukiwa umechelewa: machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, yalishawaonyesha Wakenya faida ya kumtumia ndugu pesa na salio wakati barabara zimefungwa na benki hazifikiki.

Anayedhani kwamba hayo yangetokea popote penye simu na umaskini aitazame Nigeria. Watu walikuwa wengi kuliko Kenya mara kadhaa, simu zilikuwapo, na haja ya kutuma pesa kijijini ilikuwa ile ile. Lakini Benki Kuu ya Nigeria, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, ilizizuia kampuni za simu kuongoza huduma ya pesa na kuziachia benki na kampuni nyingine uwanja huo. Mlango ulifunguliwa karibu muongo mmoja baadaye, na MTN ikapata leseni yake mwaka 2022. Matokeo ni kwamba Nigeria ilikua kwa njia nyingine kabisa: uhamisho wa papo hapo kati ya akaunti za benki, na vibanda vya mashine za kadi kila pembe ya mtaa. Si mbaya. Ila ni teknolojia tofauti, iliyozaliwa na aya moja ya mwongozo. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema siasa huja baada ya teknolojia. Kwa Mnigeria, siasa ilikuwa pale kabla kitufe cha kwanza hakijabonyezwa.

Tanzania nayo ilichukua sura yake. Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008, lakini hapakuwa na kampuni moja iliyolishika soko kama Safaricom. Walikuwapo Tigo, Airtel na Zantel, wote na pesa zao, na pesa ya mtandao mmoja haikwenda mwingine ila kwa kuzunguka. Watu walijibu kwa kubeba laini mbili, tatu, nne. Wenye simu ya tundu moja walizitoa na kuzipachika kutwa nzima, laini ya ziada imehifadhiwa nyuma ya betri. Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006, iliiona hali hii na kuuza simu za Tecno zenye nafasi mbili za laini, betri ya kukaa siku nyingi, na baadaye kamera iliyorekebishwa ili nyuso nyeusi zionekane vizuri. Nokia ilikuwa imetangulia mwaka 2003 na simu yake ya 1100 yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Majina yetu yanaonyesha tulichokithamini ndani yake. Mtanzania aliita simu ya namna hiyo kitochi, Mkenya akaiita mulika mwizi. Yote mawili yameruka kazi ya kupiga simu na kwenda moja kwa moja kwenye giza la njiani.

Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana pesa zao zipite kutoka mtandao hadi mtandao moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufika hapo, Kenya ikafuata mwaka 2018. Kampuni zilijadiliana zenyewe huku Benki Kuu ikisimamia bila kulazimisha. Lakini kilichozisukuma ni zile laini tatu mfukoni. Mteja alikuwa ameshaiunganisha mitandao kwa vidole vyake.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa sababu simu haikuwa kompyuta ya kwanza kufika Tanzania. Hazina ilikuwa na mashine ya ICT 1500 tangu mwaka 1965. Ilijaribiwa katika hesabu za serikali, hesabu zikavurugika, fedha za kigeni zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ni rahisi kwa kizazi cha leo kuwadharau waliokata shauri lile. Mimi siwadharau. Nchi ilikuwa haina dola za kuchezea, mashine zilikuja na wataalamu wa kigeni waliolipwa ghali, na zilipoharibika hapakuwa na wa kuzitengeneza. Kilichonihuzunisha kila nilipousoma uamuzi ule ni kitu kingine. Kompyuta ilizuiwa kabla mwananchi hajaigusa hata kidogo. Haikupata kupita mikononi mwa fundi redio wa Kariakoo, wala mwalimu wa hesabu wa Tabora, watu ambao pengine wangeipatia matumizi ambayo Hazina haikuyafikiria. Marufuku ilipolegezwa, kompyuta ilikuwa imeshazoeleka kama kitu cha ofisi na cha mfadhili. Ndiyo sababu simu ya vocha ilipofika ikawa kompyuta ya kwanza ya umma: ilikuwa ya kwanza kuuzwa bila kuomba kibali.

Waya wa baharini nao una siasa zake. Hadi mwaka 2009 pwani yetu yote ilitegemea setilaiti, na gharama ilikuwa ya kutisha. Mradi wa pamoja wa EASSy ulikwama miaka kadhaa kwa ugomvi wa nani amiliki na nani aruhusiwe kuunganishwa. Serikali ya Kenya ikachoka kungoja, ikaanzisha waya wake, TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, kwa kushirikiana na Etisalat. Njia ya kale ya majahazi kati ya pwani ya Waswahili na Ghuba ikapata kebo. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata baada ya hapo, pesa ya M-Pesa iliyotumwa kutoka Gikomba kwenda Nyeri ilikuwa inapita Ujerumani, kwa kuwa mitambo mikuu ilikuwa huko. Ililetwa Kenya mwaka 2015.

Sasa tozo. Tarehe 15 Julai 2021 Tanzania ilianza kukata tozo ya miamala ya simu, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya makato ya kampuni na kodi zilizokuwapo. Serikali ilieleza kusudio lake: madarasa, vituo vya afya, barabara za vijijini. Kusudio hilo lilikuwa jema, na wengi walilikubali. Lakini waliopanga waliutazama muamala kama mahali ambapo fedha inapita na inaweza kuchotwa, mithili ya maji ya bomba. Hawakuona "na ya kutolea". Yule aliyekuwa akibeba makato mawili kwa ajili ya mama yake sasa alitakiwa kubeba manne, tozo ya kutuma na tozo ya kutoa zikiwamo. Adabu ile ya kijamii ilikuwa imemfanya alipe kwa niaba ya mwingine, na tozo ikaja kumkalia yeye yule.

Watu hawakuandamana. Walibadilisha matumizi. Pesa zilirudi kwenye bahasha za mabasi, kwa kondakta anayeaminika. Vikundi vya kuchangiana vilirudi kukusanya noti. Waliozoea kutuma kila wiki walingoja mwisho wa mwezi watume mara moja. Miamala ilishuka, na kampuni zikakiri hivyo katika taarifa zao za hesabu. Ndani ya siku chache Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza tozo iangaliwe upya. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, na hatua kwa hatua ikabaki sehemu ndogo ya ilivyoanza. Ukiwauliza wataalamu wa sera watasema ni marekebisho ya kibajeti. Mimi naona mazungumzo yaliyofanyika bila maneno, serikali ikisema kwa kanuni na wananchi wakijibu kwa kondakta wa basi. Yaligharimu kila upande miezi kadhaa ya usumbufu. Mawakala wachache wangeulizwa mwezi Mei, wangeweza kusema yote hayo kwa nusu saa.

Uganda mazungumzo ya namna hiyo yalikwenda vibaya zaidi. Rais Museveni alilalamika kwamba mitandao ya kijamii inaeneza lugambo, yaani umbea, na tangu Julai 2018 kila aliyetaka kutumia Facebook, WhatsApp au Twitter alitakiwa kulipa shilingi 200 za Uganda kwa siku. Waganda wakajifunza neno VPN kwa usiku mmoja, hata wasioweza kueleza ni nini. Wauza ndizi wakawa na programu ya kuficha mahali walipo. Kodi haikukusanya ilichotarajiwa, na mwaka 2021 ikafutwa ikaletwa ya asilimia 12 kwenye bando. Lakini ujuzi ule haukufutwa: Januari mwaka huo huo uchaguzi ulipofika na Facebook ikafungwa, watu walikuwa na zana tayari. Ndipo serikali ikakata intaneti nzima kwa siku kadhaa. Hii ni njia inayonitia hofu. Kila mtumiaji anapopata kichochoro, dola huenda kwenye swichi kubwa zaidi, na swichi kubwa haichagui: inamzima mwanaharakati pamoja na muuguzi anayengoja majibu ya maabara. Tanzania nasi tumeijua. Uchaguzi wa 2020 ulikuta mitandao ya kijamii imebanwa, na siku ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini.

Ila siasa za uchaguzi pia zimezaa vitu vyema, na ningekuwa nadanganya nikiviacha. Mwishoni mwa Desemba 2007 serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na vurugu zikiendelea watu hawakujua kinachotokea mtaa wa pili. Ory Okolloh alitoa wito, na ndani ya siku chache David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao walitengeneza programu iliyopokea taarifa za mashuhuda kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, Wahaiti waliofukiwa walitafutwa kwa msaada wa programu hiyo hiyo yenye jina la Kiswahili. Isingekuwapo ile marufuku, isingezaliwa.

Halafu kuna seva. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya kura za rais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu hayana mamlaka ya kuyabadili. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, baada ya tume ya uchaguzi kushindwa kufungua mitambo yake kama ilivyoagizwa. "Fungua seva" ikawa kauli ya matatu na ya vibarazani, watu wasiowahi kuiona seva wakijua hasa wanadai nini. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mwenye simu azipakue na kujumlisha. Wanafunzi walijumlisha. Vyombo vya habari vilijumlisha. Kesi ilifika mahakamani hata hivyo, lakini mabishano yalihusu karatasi ambazo kila mtu angeweza kuzisoma. Mfumo ule wa kompyuta ulichorwa na majaji na wapiga kura, na mafundi wakaja kuujenga.

Nisieleweke kama ninayemtukuza mtumiaji. Matapeli nao ni watumiaji, na wamechangia kuchora kuliko tunavyopenda kukiri. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaotumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao alikuwa kweli anajiandaa kumtumia mtu hela, ni miongoni mwa hoja zilizoipa nguvu kampeni ya Tanzania ya kusajili laini kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho iliwekwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Kwa kuwa usajili ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, foleni za vitambulisho zikarefuka nchi nzima. Laini ya simu ikafungamana na uraia. Leo asiye na kitambulisho hana laini, asiye na laini hana pesa ya simu, na asiye nayo amerudi miaka 20 nyuma. Na ule ujumbe bado unakuja.

Mwingine asiyenufaika ni mkopaji. Maskini hubuni, lakini hubuni akiwa amebanwa. Programu za mikopo zilizoingia Kenya na Tanzania zilimtaka mteja akubali zisome orodha ya namba kwenye simu yake, naye kwa shida ya siku ile alikubali. Alipochelewa kulipa, mkwe, bosi na mchungaji wake walipokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Aibu, ile ile iliyozaa adabu ya "na ya kutolea", iligeuzwa kuwa dhamana. Watu walishaipa mikopo ya namna hiyo jina, kausha damu, muda mrefu kabla mdhibiti hajachukua hatua. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza programu 69 zinazokopesha bila leseni. Lugha ya mtaani ilikuwa imetoa hukumu, na kama kuna ofisi ambayo kazi yake ingekuwa kusikiliza maneno mapya yanayozaliwa kwa mawakala na kwenye daladala, ingekuwa imepata taarifa mapema bila gharama.

Wakala wangu, mama wa makamo mwenye kibanda karibu na kituo cha basi, amebandika ukutani karatasi ya viwango vya makato. Kila Juni bajeti inaposomwa huweka redio karibu. Kiwango kikibadilika, huletewa karatasi mpya, naye huibandika juu ya ile ya zamani bila kuibandua, hivi kwamba pembeni unaweza kuhesabu miaka kama pete za mti. Mezani kwake lipo daftari la kaunta lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Humo anaandika tarehe, jina, namba, kiasi, na mteja anatia saini, ingawa mfumo wa kampuni umeshaandika yote hayo. Nilimuuliza kwa nini bado anajisumbua. Akanijibu kwamba mtandao ukikata, ujumbe usipofika, mtu akaanza kupandisha sauti, yeye hulifungua daftari, na wote wawili wanainama kulisoma.